Bomba moja la kufurikia linatosha kwa tangi la lita 960?

Kasa

Wakuu habari. Najiandaa kujenga tangi la maji chumvi la matumbawe: urefu sm 200, upana sm 80, kimo sm 60. Sampu, yaani tangi la chini linalopokea maji na kukaa pampu, ndani ya kabati itakuwa sm 120 kwa 50, kimo sm 45, na nataka maji yake yakae kwenye sm 22. Nimechora bomba moja la inchi moja na nusu la kushusha maji, na la inchi moja la kurudisha, mdomo wake ukiwa sm 10 chini ya uso wa maji. Kioo bado hakijatobolewa. Kinachoninyima usingizi ni umeme kukatika nikiwa sipo. Mnasemaje?

Pweza

Mkuu, umeuliza wakati mzuri, kabla ya kutoboa.

Anza na huo mdomo wa sm 10. Pampu ikizimika, bomba la kurudisha linageuka na kunyonya maji kwenda chini mpaka mdomo upate hewa. Piga hesabu: 200 × 80 × 10 ni lita 160. Sampu yako ikiwa na maji sm 22, nafasi iliyobaki ni kama lita 138. Zinazozidi zinaishia sakafuni, na ni maji ya chumvi! Pandisha mdomo ubaki sm 2 tu chini ya uso. Hapo zinashuka lita 32 pamoja na yaliyomo kwenye mabomba na kisanduku cha kufurikia, kile ambacho maji ya tangi humwagikia kabla ya kuingia mabomba ya kushusha. Usitegemee valvu ya kuzuia maji yasirudi. Chokaa na konokono wadogo huifanya isifunge vizuri, na huwezi kujua mpaka siku umeme unakatika.

Bomba moja, hapana. Jani moja la mwani likikaa mdomoni, pampu inaendelea kujaza juu. Weka matatu. La kwanza linajaa maji kabisa bila hewa, nalo lina geti valvu, ile inayofungwa polepole kwa kuzungusha mara nyingi, ya kurekebishia. Ndilo linalobeba karibu maji yote na halina kelele. La pili linapitisha kijito chembamba tu, na juu yake lina kamrija ka hewa ambako mdomo wake unakaa juu kidogo ya maji ya kisanduku. La kwanza likiziba, maji yanapanda, yanaufunika ule mdomo, hewa inakatika, na papo hapo la pili linaanza kuvuta kwa nguvu zote. La tatu linakaa kavu, juu kuliko yote, bila valvu yoyote. Hilo lisiguswe.

Dada Chaza

Naongezea kwa Pweza. Geti valvu, siyo ya kugeuza robo mzunguko: ile ukiigusa kidogo tu, maji yanaruka kiwango, utahangaika nayo mchana kutwa. Bomba la kwanza liishie sm 2 au 3 tu ndani ya maji ya sampu. Ukilizamisha sana, hewa haitoki na linachelewa kuanza kuvuta. La tatu liishie juu ya maji, ili siku likifanya kazi ulisikie.

Pia, nunua konekta za tangi (viungio vinavyopita kwenye tundu la kioo) kwanza, uzipime, ndipo utoboe. Konekta ya inchi moja na nusu inataka tundu kubwa kuliko bomba lenyewe. Na uhakikishe kioo hicho hakijaimarishwa kwa moto. Kikiwa hivyo hakitobolewi, kinasambaratika chote.

Kasa

Asanteni sana. Nimebadilisha mchoro: matatu, yote inchi moja na nusu, na mdomo sm 2. Bado moja: yakiziba yote matatu?

Pweza

Hapo kinga yako ni chumba cha pampu ndani ya sampu. Kikiwa sm 30 kwa 50 na maji sm 22, pampu haiwezi kupandisha zaidi ya lita 33 kabla ya kuishiwa maji. Juu hizo ni sm 2 na kidogo. Basi ukingo wa kufurikia uuweke sm 4 au 5 chini ya kingo za tangi, na hata hilo likitokea, maji yanabaki ndani. Ila kama una kifaa kinachojiongezea chenyewe maji yasiyo na chumvi, kitaona chumba kimekauka na kuanza kumimina. Ndoo yake iwe ndogo, uihesabu nayo.

Na weka yunioni, kiungio cha kufungua kwa mkono, kila upande wa pampu. Utaitoa mara kwa mara kuisafisha.