Kisima Kigamboni kimeingia chumvi: ni bahari au vyoo?

Swali
Wadau, kisima kiko mita 400 kutoka ufukweni. Kina mita 48, mabomba ya matundu kuanzia 24 hadi 46, pampu iko mita 42, lita 8,000 kwa saa, kwa muda wa saa sita kila siku. Ardhi iko mita 10 juu ya bahari. Maji yakitulia yako mita 9 chini ya uso wa ardhi, pampu ikivuta yanashuka hadi 21. EC (kipimo cha maji kupitisha umeme, kinachoonyesha wingi wa chumvi) imepanda kutoka 850 hadi 2,900. Maabara (mg/L): kloraidi 820 (mwanzo 100), sodiamu 330, kalsiamu 190, nitreti 12.

Jibu 1
Bahari, mkuu. Nitreti ni alama ya maji ya vyoo, lakini ikiwa ndogo peke yake haithibitishi kuwa si vyoo, maana pasipo oksijeni bakteria huimaliza. Angalia sodiamu kwa kloraidi, kila moja ikigawanywa kwa uzito wa atomi yake: 330÷23 ni 14.3, 820÷35.5 ni 23.1, uwiano 0.62. Maji ya bahari yana 0.86. Wewe uko chini zaidi kwa sababu chumvi ikiingia, sodiamu hunasa kwenye mfinyanzi na kuisukuma kalsiamu itoke. Ndiyo hiyo 190 yako, na ndiyo inayofanya sabuni ikatae kutoa povu. Kiasi chake, ukichukua kloraidi ya bahari kuwa 19,000: (820−100)÷(19,000−100), kama asilimia 4 tu ya maji ya bahari.

Jibu 2
Mnavuta kwa nguvu mno. Kila mita 1 ya maji baridi (yasiyo na chumvi) juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 chini yake. Yenu yana mita 1 (10−9), kwa hiyo chumvi inaanzia kama mita 50 kutoka juu ya ardhi, mita 2 tu chini ya kisima. Tena mpaka wenyewe ni ukanda, si mstari. Mkishusha maji hadi 21, chumvi inainuka kama kichuguu chini ya pampu.

Muuliza swali
Nikipandisha pampu tu?

Jibu 2
Haitoshi, matundu ya chini bado yanaingiza. Ziba kwa saruji kutoka chini hadi mita 32, ukiipeleka kwa bomba jembamba linalofika chini kabisa. Ukiimwaga kutoka juu inachujuka majini na kuacha mapengo. Pampu ndogo iwe mita 22, lita 2,000 kwa saa, muda mrefu, kwenye tangi.

Jibu 1
Pima EC kwenye bomba la pampu, si tangini, kila nusu saa. Ikiendelea kupanda, punguza tena. Kupona huchukua miezi, hata miaka. Uwiano wa sodiamu kwa kloraidi ukivuka 1 huku kloraidi ikishuka, maji baridi yanarudi.