Ulinganisho: tromboni tatu, tromboni nne, au tromboni pamoja na tarumbeta?

MpulizajiMoshi
Bwana Yesu asifiwe, ndugu wapendwa. Usharika wetu una tromboni (vyombo vya shaba vya kupuliza vyenye bomba la kuvuta) tatu za tena, yaani za sauti ya tenor, zilizobaki baada ya bendi yetu kupungua, na fedha tulizochanga zinatosha kununua chombo kimoja tu. Nia yetu ni kupuliza nyimbo za kitabu chetu cha Mwimbieni Bwana, hasa mazishini na alfajiri ya Pasaka. Je, tubaki watatu, tuongeze tromboni ya nne, au tununue tarumbeta ishike sauti ya kwanza? Mimi napenda mlio wa tromboni tupu, kwa kuwa unakaribia mno sauti za watu wanaoimba.

Mmoraviani_Rungwe
Asifiwe sana, ndugu. Tromboni tupu si jambo geni kanisani. Wamoraviani wa Bethlehem, Pennsylvania, walipata tromboni zao mwaka 1754, na kwaya yao ya tromboni ingali hai hadi leo. Mshirika alipofariki, tromboni ndizo zilizotangaza msiba, na tuni iliyopulizwa iliwajulisha watu kama marehemu alikuwa wa kundi la wanandoa, la wajane au la watoto. Ila wao walikuwa na tromboni za soprano, alto, tena na besi, hivyo kila sauti ilikuwa na chombo chake. Ninyi mna tena peke yake.

MwalimuWaNota
Hapo ndipo penye kazi. Chukueni wimbo ulio katika ufunguo wa G, ambao sauti yake ya kwanza inapanda hadi D ya juu: mpulizaji wa kawaida wa tromboni ya tena hataifikia nota hiyo beti nne mfululizo bila midomo kuchoka na mlio kupasuka. Mkiushusha wimbo wote hadi C, sauti ya kwanza itapulizika, lakini G ya besi nayo itashuka hadi C ya chini kabisa, na tromboni ya tena isiyo na vali inaishia E. Kwa hiyo tromboni ya nne ikiwa ni tena nyingine ya kawaida, mtakuwa mmeongeza mtu bila kuondoa tatizo. Nunueni tromboni ya besi, au walau tena yenye vali ya F (kifaa kinachorefusha bomba ili mlio ushuke), ambayo huifikia C hiyo. Pia kuna njia ninayoipenda zaidi: tumieni nota za kwaya ya wanaume, kwani sauti zake nne zimekwisha kupangwa kwa kubanana katika eneo lile lile la tromboni.

Mzee_wa_Bendi
Nakubaliana na mwalimu, lakini watatu wasidharauliwe. Mtunzi Bruckner aliandika vipande viwili vya mazishi kwa tromboni tatu mwaka 1847, na mtunzi Beethoven aliandika vitatu kwa tromboni nne mjini Linz mwaka 1812, kwa ajili ya siku ya kuwakumbuka marehemu wote. Tatu zinatosha kukamilisha kodi, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja. Udhaifu wake ni kwamba mmoja akivuta pumzi vibaya pengo husikika mara moja, na hakuna wa kumfunika. Tarumbeta itawarahisishia sauti ya kwanza, sikatai, ila mlio wake mkali utawafunika wengine, hasa kaburini ambako watu wanahitaji upole.

FundiWaShaba
Mkienda kununua kilichotumika, msihangaike na rangi iliyochujuka. Shikeni chombo wima, fungueni kufuli, kisha liachieni bomba la kuvuta taratibu huku mkono ukilisubiri chini. Likishuka lenyewe bila kukwama, liko sawa. Likisita mahali pamoja, lina bonde, hata kama jicho halilioni, na nafasi zote saba za kuvuta bomba zitakuwa za mashaka.

MpulizajiMoshi
Nawashukuru sana, wazee wangu. Tarumbeta tumeiacha. Tutatafuta tena yenye vali ya F, na wakati tunaitafuta, sisi watatu tutaanza na nota za wanaume: sauti ya kwanza, ya pili na besi. Mwalimu, ukiondoa sauti ya tatu, utaratibu wako ni upi pale ambapo ndiyo iliyobeba nota ya katikati ya kodi?

MwalimuWaNota
Mpeni sauti ya pili nota hiyo, na ile ya tano ya kodi (ya tano kuhesabu kutoka nota ya msingi) ndiyo iachwe. Sikio halitaikosa.