Hizi orodha za "wanamichezo maarufu mtandaoni" ni matusi kwa Karsten

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Kila zikitoka hizi orodha za wanamichezo wa Belarus wanaopendwa mtandaoni, Ekaterina Karsten, yule mpiga makasia, anachomekwa huko chini kama mgeni aliyekosa kiti. Kigezo? Wafuasi, na idadi ya watu waliofungua ukurasa wake. Hivi mna akili kweli?

Huyu mama ndiye aliyeipa Belarus dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kama nchi huru, Atlanta 1996, na mwaka ule Belarus nzima haikupata nyingine. Dhahabu tena Sydney 2000. Fedha Athens, shaba Beijing, na kabla ya yote shaba ya Barcelona 1992. Ubingwa wa dunia akiwa peke yake kwenye mtumbwi: mara sita. Wa mwisho aliuchukua 2009. Instagram ilianza 2010! Sasa mlitaka hao wafuasi awakusanyie wapi, ndani ya maji?

Fainali ya Sydney wengi wenu hamjaiona, ndiyo maana mnabwabwaja. Mita 2,000, zaidi ya dakika saba za kuvuta makasia mpaka mapafu yanawaka, halafu anamshinda Rumyana Neykova wa Bulgaria kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. 7:28.14 kwa 7:28.15. Pale mstarini jicho la mtu halikuweza kuamua, ikabidi picha iamue. (Neykova naye alikuja kulipiza Beijing. Mwanamke jasiri sana yule, na kwenye hizo orodha zenu hata kutajwa hatajwi.)

Halafu kuna hili la majina. Atlanta alishinda akiitwa Khodotovich, Sydney akaitwa Karsten, na Wabelarus wenyewe wanamwandika Katsiaryna. Wanaohesabu mibofyo waliliangalia hilo? Thubutu!

Na msiniletee habari za Sabalenka na Azarenka. Nawaheshimu wote wawili, mataji yao ya tenisi wameyatolea jasho. Lakini tenisi ipo kwenye runinga Januari hadi Novemba, na makasia mnayakumbuka Olimpiki ikifika, tena mkiwa mnasubiri mbio za mita 100 zianze. Ni wazi nani atatafutwa zaidi.

Kinachonichefua kuliko vyote ni zile kura za "mwanamichezo mrembo". Mpiga makasia akitajwa humo, maoni yote ni mabega, mapaja, sijui nywele. Karsten alishindana Olimpiki saba, ya mwisho Rio 2016 akiwa na miaka 44, dhidi ya mabinti ambao baadhi hawakuwa wamezaliwa alipoanza. Hilo hamlipigii kura.

Mwenye orodha yake aiweke hapa na vigezo vyake tuvichambue. Anayekuja na "ana wafuasi wangapi", apite kimya kimya.