Mjadala: Roma kumtoza mgeni euro 2 kwenye Chemchemi ya Trevi, ni haki?

Mtembezi: Wakuu, salaam. Tangu tarehe 1 Februari 2026 jiji la Roma linamtoza mgeni euro 2 kushuka hadi ukingoni mwa beseni la Trevi. Mkazi anapita bure, na ukibaki juu uwanjani kuangalia kwa mbali hulipi. Kitu kilichojengwa kiwe cha umma leo kimewekewa geti. Haki au tamaa?

Mzee wa Pwani: Haki tupu. Kwetu mgeni analipa dola mbugani, mwananchi shilingi, na hakuna anayelia. Ila tusiharibu lugha. Chemchemi ni maji yanayobubujika ardhini kwa kudra ya Mungu. Hilo la Roma ni bomba lililovishwa masanamu.

Binti Tiber: Shikamoo mzee wangu. "Bomba"?! Hilo bomba lina mita 26 kwenda juu na mita 49 upana, limemeza uso mzima wa jumba la Palazzo Poli. Mimi napita pale saa kumi na mbili alfajiri nikienda kazini, watalii bado wamelala. Mawe ya chini hayakulainishwa, yameachwa kama miamba ya mtoni, na kwenye nyufa zake wamechonga mimea, hata mtini upo, wa jiwe. Jicho linashindwa kujua jumba limeishia wapi na mwamba umeanzia wapi. Njoo uone ndiyo uite bomba.

Mzee wa Pwani: Marahaba binti. Mtini wa jiwe hauzai tini.

Kijana wa Kwanza: 😂😂 Mzee kaua. Ila kwa faida ya wengine, ile kitu alijenga Bernini, yule mchongaji, na yule jamaa wa katikati ni Neptune, mungu wa bahari wa Waroma. Pesa walikamua kwenye kodi ya mvinyo.

Fundi Mawe: Dogo, umechanganya madesa. Bernini aliitwa na Papa Urban VIII mwaka 1629 achore upya, Papa akafa 1644, kazi ikalala. Tunayoiona leo ni ya msanifu Nicola Salvi, alipewa na Papa Clement XII mwaka 1732. Salvi naye akafa 1751 hajaimaliza, ikafunguliwa 1762 mikononi mwa Giuseppe Pannini. Huyo wa katikati ni Oceanus, mungu wa maji wa Wagiriki, kazi ya mchongaji Pietro Bracci. Neptune angeshika mkuki wa meno matatu. Umeuona wapi?

Kijana wa Kwanza: Sawa profesa. Kumbe kusahihisha mtu lazima umwite dogo?

Fundi Mawe: Nimekuita dogo kwa upendo. Na pesa za Clement hazikuwa za mvinyo, zilitoka kwenye bahati nasibu aliyoirudisha yeye mwenyewe.

Mkeka Umechanika: SUBIRI. Papa aliendesha bahati nasibu? Na mimi juzi mama mkwe kanisomea hotuba nzima kwa mkeka wa buku? Nampelekea hii sasa hivi.

Mama Neema: Wewe uliyechana mkeka, Clement alijenga. Wewe mkeka wako umejenga nini?

Mkeka Umechanika: Matumaini, mama.

Mtembezi: Hahaha. Turudi kwenye euro 2 basi.

Jirani wa Kisima: Euro mbili ni kama elfu sita. Mtaani kwetu bomba likikauka wiki mbili tunanunua ndoo, na wewe dada wa Tiber unatupigia hadithi za mtini wa jiwe. Huko maji yanarushwa hewani watu wapige picha. Mmeshasahau mlikotoka.

Binti Tiber: Sijasahau kitu. Nimebeba ndoo kichwani mpaka darasa la saba. Na kwa taarifa yako maji ya Trevi hayamwagwi, yanazungushwa na pampu, ni yale yale. Ya kunywa yako kwenye kibomba kidogo pembeni, upande wa kulia. Tena mji huu una mabomba ya chuma zaidi ya 2,000 barabarani, tangu 1874, yanaitwa nasoni, yaani pua kubwa, kwa vile mdomo wake umepinda kama pua. Yanatiririka usiku na mchana na hakuna anayekudai senti. Ukiziba mdomo kwa kidole, maji yanaruka juu kwenye kitundu mgongoni mwa pua, unakunywa bila kuinama.

Mzee wa Pwani: Umesema pampu?

Binti Tiber: Mzee, jamani.

Mzee wa Pwani: Nauliza tu. Chemchemi yenye pampu.

Fundi Mawe: Mzee, hapo nakupinga. Agrippa, jemadari wa Kirumi, alileta maji yale Roma mwaka 19 KK kwa mfereji wa Aqua Virgo, kilomita 20 hivi, sehemu kubwa chini ya ardhi, bila pampu yoyote, mteremko mtupu. Na yalitoka kwenye chemchemi za kweli, huko Salone mashariki ya mji. Hadithi inasema msichana ndiye aliyewaonyesha askari wenye kiu, na kachongwa pale juu ukutani. Pampu zimekuja jana tu.

Mzee wa Pwani: Basi chemchemi iko Salone. Trevi ni mwisho wa mfereji. Nashukuru kwa ushahidi.

Mama Neema: Mimi langu ni sarafu. Watu wanatupa kama euro milioni moja na nusu kwa mwaka, zinakwenda Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, kulisha maskini. Mwaka 2019 meya Virginia Raggi alitaka ziingie mfuko wa jiji, Kanisa likapiga kelele, akarudi nyuma. Sasa wamekuja na tiketi. Mlango mmoja ukifungwa wanatafuta dirisha.

Jirani wa Kisima: Na ukarabati wa 2014–2015 si walilipa Fendi, kampuni ya mitindo, euro milioni 2.2? Halafu 2016 wakatandaza njia ya plastiki angavu juu ya maji, wanamitindo wakatembea kama Petro. Walipolipa matajiri hao, umma haukuuziwa tiketi.

Kijana wa Kwanza: Petro alianza kuzama. Kwa kuwa leo ni siku ya kusahihishana.

Mkeka Umechanika: Hizo sarafu zinalindwa? Naulizia rafiki.

Binti Tiber: Usijaribu. Kuna mtu alizivua usiku kwa fimbo yenye sumaku miaka mingi mpaka wakamzuia 2002. Siku hizi wafanyakazi wanaingia na mabuti, wanazifagia ziwe mstari mmoja chini ya maji kama mchanga uani, halafu bomba linazifyonza.

Mzee wa Pwani: Bomba.

Binti Tiber: 🙄

Jirani wa Kisima: Dada, nilikuwa mkali, samahani. Hayo mapua makubwa, nikiziba na kidole polisi hawanikamati?

Binti Tiber: Hawakukamati. Ila weka uso pembeni kwanza, yanaruka kwa nguvu. Mimi mara ya kwanza nililowa mpaka kitambulisho cha kazini.