Taa za LED kwenye droni ndogo ya kujiundia: rizista, mkanda wa WS2812 au nichukulie umeme kwenye mota?

Kipanga_Moro
Habari za jioni wakuu. Droni yangu ndogo imekamilika na inaruka vizuri, sasa nataka kuifunga taa madogo wa mtaani waione usiku Jumamosi. Njia ni tatu: LED za kawaida na rizista (kipunguza umeme), kipande cha mkanda wa WS2812 (LED za rangi zinazoongozwa na programu), au kulehemu LED kwenye waya za mota. Ipi bora? Kesho naingia Kariakoo kununua.

Fundi_Sele
Mkuu, betri seli ngapi? Mota gani? Bodi gani ya kuongozea droni? Taa ngapi? Unataka tupige ramli?

mama_saketi
Na rangi! Nyekundu inataka volti 2 hivi, nyeupe na bluu 3 na ushee.

Kipanga_Moro
Seli moja, 500 mAh, mota za brashi 8520. Taa nne: nyekundu mbili mbele, nyeupe mbili nyuma.

mama_saketi
Chukua umeme kwenye betri yenyewe. Ikijaa ni volti 4.2. Nyekundu: 4.2 toa 2, gawanya kwa ampea 0.02, jibu ni omu 110, kwa hiyo weka 120. Nyeupe: 4.2 toa 3.1, unapata 55, weka 56. Kila taa na rizista yake. Ukizibana zote kwenye rizista moja, nyekundu zitakula umeme wote na nyeupe hazitawaka. Mfululizo sahau kabisa, nyeupe mbili tu zinataka volti 6. Mimi ningeweka 220 kote, usiku inatosha.

Robo_Tanga
Rizista za nini zama hizi? WS2812 ni waya tatu, rangi unabadilisha kwenye programu ya bodi.

mama_saketi
Bodi hajaitaja bado. Na hizo ni za volti 5, moja ikiwaka nyeupe kikamilifu inafika 60 mA. Zidisha mara nne uone.

Robo_Tanga
Kwa seli moja zinawaka, nimeziona. Punguza mwanga tu.

mama_saketi
Zinawaka, halafu betri ikishuka bluu na kijani zinafifia, nyeupe yako inakuwa kama ya machungwa.

Pweza_wa_Mjini
Kijana, sikia kilichonipata. Nilimpa fundi mmoja droni anifungie taa kumi nyekundu, nikamwachia na betri. Akaona mbali kufika kwenye betri, akachukua umeme kwenye pedi ya volti 3.3 ya bodi. Mezani zinapendeza ajabu. Nikaenda nayo ufukweni jua likizama, watoto wamejaa. Ikapanda vizuri, nikawasha taa, mota zote zikakata, ikatua kwenye meza ya muuza urojo! Nilimlipa yule mama bakuli zake, na propela mbili zilikwisha. Nilipoifungua ndiyo nikaelewa: ile regyuleta (kipunguza volti) ndogo kama punje ya mchele kazi yake ni kulisha bodi. Taa kumi za 20 mA ni 200 mA, ikazidiwa, bodi ikajizima na kujiwasha ikiwa hewani. Fundi akaniambia eti betri yangu mbovu.

Fundi_Sele
Huyo si fundi. Na kuhusu mota: taa itakolea na kufifia kufuata kasi, mota zikisimama inazima. Tena mota za brashi zinarusha umeme wa kinyume, LED haipendi. Kwa madoido sawa, kwa kujua droni iko wapi hapana.

Dira95
Nyekundu mbele umeitoa wapi? Kwenye ndege nyekundu ni kushoto, kijani kulia, nyeupe mkiani.

Robo_Tanga
Kulia kwa nani? Ikija kwangu nyekundu naiona kulia.

Dira95
Kushoto kwa rubani, si kwako uliyesimama chini! Ukiona nyekundu iko kulia kwako ujue inakuja usoni.

Fundi_Sele
Ya mtaani haihitaji sheria za angani, aweke anazopenda.

Dira95
TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wakikusikia…

Kipanga_Moro
Asanteni wakuu. Kwa hiyo LED za miguu mirefu za milimita 5 zinafaa? Ninazo nyumbani.

mama_saketi
Nzito hizo, na kwa droni hiyo kila gramu unailipia kwa muda wa kuruka. Tafuta ndogo za kubandika, saizi 0805, na waya mwembamba wa kopa wenye vanishi. Na bodi ni gani?

Pweza_wa_Mjini
Wakuu, tukiwa hapo hapo, betri iliyovimba kidogo bado inafaa kuchajiwa?

Fundi_Sele
Itoe ndani ya nyumba sasa hivi.

Robo_Tanga
Kidogo kiasi gani? Weka picha.