Je, ni sawa kumjengea kaburi ndugu aliyezama na MV Bukoba bila mwili wake kutambuliwa?

Mwana wa Kibanja (Bukoba)
Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mjomba wangu alipandia MV Bukoba katika bandari ya Kemondo usiku wa kuamkia tarehe 21 Mei 1996, na asubuhi yake meli ikazama ikiwa imeshaikaribia Mwanza. Hatukumtambua miongoni mwa maiti walioopolewa. Kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, hatuna hata karatasi moja yenye jina lake, na bibi yangu aliaga dunia akiwa bado anakataza mwanawe asiitwe marehemu. Sasa ukoo unataka kukutana, na wengi wanapendekeza tumjengee kaburi ndani ya kibanja, yaani shamba letu la nyumbani, ubavuni mwa bibi. Mjomba mkubwa amekataa katakata, akisema kaburi lisilo na mtu ni kuwadanganya watoto. Waliofikwa na jambo kama hili walifanyaje?

Jirani wa Igoma (Mwanza)
Pole sana, ndugu. Usisahau kwamba huenda mjomba wako tayari ana kaburi, kwani wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa hapa Igoma. Watu huja kila tarehe 21 Mei, masheikh na mapadri wakaomba, mashada yakawekwa. Kuna mwaka nilimwona mama mmoja mtu mzima akiwa amebeba dumu dogo la maji na kitambaa, akiosha kaburi moja polepole hadi kwenye pembe zake. Nilipomuuliza ni la nani, alijibu kwamba hajui, ila amelichagua hilo tangu kijana wake apotee, na anaamini kuna mwingine mahali fulani anayemwoshea lake. Kabla hamjanunua saruji, njooni Igoma kwanza, hasa huyo mjomba mkubwa, kisha mchukue udongo kidogo mwende nao kibanjani.

Mzee wa Rorya
Mwanangu, sisi Wajaluo hatumwachi mtu wetu bila kuzikwa eti kwa sababu maji yamemchukua. Mwili usipopatikana, tunachuma tunda la mwegea, tunaloliita yago, tunalizika mahali pake, na vilio vinakuwa vile vile vya msiba wowote. Hakuna anayedanganywa, kwa maana hata mtoto aliyesimama pale anaona kwamba linaloshushwa kaburini ni tunda, na anaambiwa sababu. Ninyi Wahaya mna taratibu zenu, na sikushauri uchukue yetu. Hata hivyo, hofu ya mjomba wako ina msingi: uongo hauwi katika kujenga, unakuwa katika maandishi. Mkiandika “Hapa amelala”, mtakuwa mmesema uongo. Andikeni kwamba alizama, lini, na kwamba hakuonekana.

Binti wa Unguja
Sisi tulipoteza watu wetu katika MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba. Hatukujenga chochote. Tulimsalia ndugu yetu swala ya ghaibu, yaani ya maiti asiyekuwepo, tukasoma hitima, kisha baba akachimbisha kisima kwa nia ya sadaka yenye kuendelea. Sisemi kwamba njia yetu inafaa kwa kila mtu, maana najua kwenu kaburi la kibanjani ndilo linaloonyesha kwamba mtu ana kwao. Nakushauri tu umfikirie mjomba alipenda nini alipokuwa hai.

Mwana wa Kibanja (Bukoba)
Nawashukuru nyote. Maneno ya Mzee kuhusu maandishi nimemsomea mjomba mkubwa kwa simu. Alinyamaza kitambo kirefu, halafu akauliza nauli ya kwenda Mwanza ni kiasi gani. Kumbe tangu mwaka ule hajawahi kufika Igoma. Tumekubaliana kwamba tutaweka jiwe dogo ubavuni mwa bibi, bila kulijengea umbo la kaburi, na chini yake udongo wa Igoma. Maneno niliyoandika hadi sasa ni jina lake, kisha “Aliondoka Kemondo akienda Mwanza. Alizama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Hatukumwona tena.” Jirani wa Igoma, tukifika, tafadhali utuonyeshe pa kupata maji, mjomba amesema naye atabeba kitambaa.