Gumzo la ukoo: Lisa Sthalekar na kriketi ya Mwanaisha

*Shangazi Rukia:* Assalamu alaykum nyote. Kwa kuwa jana kaka Salim aliandika hapa kwamba kriketi inampotezea Mwanaisha wakati, nimeona heri niwaeleze habari za Lisa Sthalekar, mchezaji wa zamani wa kriketi wa Australia, ambaye wengi wenu mmeisikia sauti yake kwenye matangazo ya ligi ya India. Alizaliwa Pune mwaka 1979, akachukuliwa na wazazi wa kumlea kutoka nyumba ya mayatima akiwa bado mchanga, wakaishi Marekani, kisha hapa hapa kwetu Kenya, kabla ya kuhamia Sydney, na baba yake ndiye aliyemtia katika kriketi.

*Ami Salim:* Waalaykum salaam, dada. Simdharau mchezaji yeyote, lakini mwili huchoka mapema, na wasichana wa mchezo huu hawalipwi kama wanaume. Alipoacha kucheza, alikula nini?

*Shangazi Rukia:* Hilo ndilo nililotaka uulize. Zama zake, wanawake wa Australia hawakuweza kuishi kwa kriketi peke yake, kwa hiyo alifanya kazi ya ukocha katika chama cha kriketi cha New South Wales huku akiichezea timu ya taifa. Alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kufikisha mikimbio 1,000 (yaani pointi za kupiga mpira) na wiketi 100 (yaani wapigaji aliowatoa kwa kurusha mpira) katika mechi za kimataifa za siku moja, akatwaa Kombe la Dunia mwaka 2005 na 2013, na lile la mechi fupi za ova 20 (ova moja ni mipira sita) mwaka 2010 na 2012. Alistaafu mara tu baada ya fainali ya 2013 iliyochezwa Mumbai, akiwa bado na uwezo, na mwaka 2015 akawa miongoni mwa wanawake wanne walioingia kutangaza ligi ya India.

*Mwanaisha:* Shikamoo Ami, shikamoo Shangazi. Naomba niongeze habari ya fainali ya 2010 dhidi ya New Zealand, kwa sababu naipenda mno. Mpira wa mwisho ulipobaki, New Zealand walihitaji mikimbio 5. Mpigaji wao Sophie Devine akaupiga kwa nguvu moja kwa moja kumrudia mrushaji wa Australia, Ellyse Perry, naye akaunyoshea mguu, ukagonga kiatu na kumwendea Sthalekar, aliyeudaka kabla haujapita. Ulipatikana mkimbio mmoja tu, na Australia wakashinda kwa tofauti ya mikimbio 3.

*Ami Salim:* Marahaba, mwanangu. Umeieleza vizuri hata nimeiona.

*Shangazi Rukia:* Umejijibu mwenyewe, kaka. Mtu aliyesimama pale mpira ulipoelekea ndiye anayeweza kumweleza msikilizaji kwa nini nahodha alimweka mchezaji mahali fulani, na mrushaji alikuwa akiwaza nini. Wanaodhani kwamba wanawake hupewa kipaza sauti kwa sura zao wanakosea sana, na jambo hilo huniudhi. Mwaka 2020 aliingizwa katika orodha ya heshima ya Baraza la Kriketi la Kimataifa, na mwaka 2022 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza shirikisho la kimataifa la vyama vya wachezaji.

*Ami Salim:* Nimekubali kwamba kazi ipo. Hata hivyo Australia ina pesa na vituo vya televisheni, na sisi tuna uwanja wa Mombasa Sports Club na vifaa vya kuazima. Ninachotaka ni kuona masomo hayaanguki.

*Mwanaisha:* Ami, nitakuletea ripoti ya muhula huu wewe mwenyewe uisome. Pia mwalimu ameniruhusu nitangaze mechi ya shule kwa Kiswahili, na ninajifunza kumweleza mtu asiyejua kriketi kwa nini mpigaji ametolewa.

*Bibi:* Salim, mpeleke mtoto mazoezini Jumamosi kwa gari lako, na umrudishe kabla ya magharibi.

*Ami Salim:* Sawa, mama. Mwanaisha, uwe tayari saa mbili asubuhi.